Handaki la Povu

Kwiii.

Sauti moja tu, nyembamba, ndani ya usiku. Halafu kimya.

Aliyewahi kushika povu gumu, lile jeupe linalofungiwa redio na friji ndani ya boksi, anaijua sauti ile. Kipande kikisugua kipande, meno yanasisimka na nywele za shingo zinasimama. Wembe alikuwa ameizoea. Ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini usiku ule mikono yake miwili ilikuwa mapajani. Ya babu yake ilikuwa imeshika kikombe. Na chumbani mle hamkuwa na mtu wa tatu.

Kwiii.

Ilitoka ndani ya kilima.

Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo wa hadithi hii ulianzia jioni, dukani, penye kopo la gundi.

Wembe, hilo ndilo jina alilopewa na wenzake chuoni, kwa mkono wake wa kukata na kwa ulimi wake vilevile, alikuwa fundi wa modeli. Wachoraji wa majengo walimpa michoro, naye akawatolea nyumba za kuweka juu ya meza. Hiyo ilikuwa kazi ya mkate. Kazi ya moyo ilikuwa ya babu yake, na ilikuwa reli. Enzi zake, Babu alikuwa mkuu wa stesheni moja ndogo milimani. Reli ile ilikwisha kung'olewa, vyuma vikauzwa, jukwaa likaota nyasi. Kabla macho hayajamzimikia kabisa, mzee alitaka kuiona tena, hata iwe ya kukaa mezani.

"Nipe gundi nyeupe, ile ya maji," Wembe alimwambia mwenye duka huku jua likizama nyuma ya mapaa. "Kopo kubwa."

"Ipo. Ila babu yako siku hizi anapenda ya viatu."

"Babu yangu mimi?"

"Huyo huyo. Kachukua wiki iliyopita, jana karudi tena. Nikamwambia, mzee, umefungua kiwanda cha kandambili nini? Akacheka mpaka akakohoa."

Wembe hakucheka. Gundi ya viatu hula povu, na kila fundi wa modeli hulijua hilo kabla hajajua kushika kisu. Paka kidogo tu, geuka ukanywe maji, ukirudi utakuta shimo kama la jino bovu: juu pazima, ndani pametafunwa. Alishamgombeza Babu siku mzee alipobandika nayo paa la stesheni, paa likazama kama sukari kwenye chai. Siku hiyo Babu alishika masikio kama mtoto wa shule. "Sirudii tena, bibi yangu."

Na sasa karudia. Mara mbili.

Nyumba ya mzee ilikuwa mwisho wa uchochoro, na reli yake ilikuwa chumba cha nyuma. Meza ilizunguka kuta zote nne, ikaacha katikati nafasi ya watu wawili kusimama, watatu kama hawaogopani. Penye mlango meza ilikatika, na pengo likazibwa na daraja la mbao lenye bawaba. Ukitaka kuingia unaliinua. Ukishaingia unalishusha, ili treni ipite. Na likishashuka, mlango haufunguki, kwa kuwa unafungukia ndani. Dirisha lilikuwa moja, na lina nondo.

"Babu, hii ni reli au ni jela?" Wembe alizoea kumtania.

"Jela ya raha," mzee hujibu. "Mfungwa ana treni yake."

Jioni hiyo Babu alimfungulia kabla hajagonga mara ya pili.

"Karibu, bibi yangu. Umechelewa, nilikuwa nimeanza kutafuta mke mwingine."

"Muoe tu, atakiona cha moto. Nani kakutuma gundi ya viatu?"

Mzee akageuza uso. "Ingia kwanza. Mvua inakuja."

Wakaingia chumba cha nyuma. Babu akalishusha daraja. Kha.

Harufu ikampiga Wembe usoni kama kofi. Gundi. Kali, tamu, nzito, ya kuvuta machozi. Dirisha lilikuwa limefungwa, na kwenye nyufa zake mzee alikuwa amesokomeza matambara.

"Babu, hewa hii inalewesha! Mtu akikaa humu anaweza kuona mambo."

"Kuona mambo si vibaya," Babu akasema polepole. "Wengine tumeishi miaka na hatujaona kitu."

Wembe alitaka kumjibu. Lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kilima.

Mara ya mwisho alipokuja, kile hakikuwa kilima. Yalikuwa mapande ya povu yaliyopangana kama ngazi, na kando yake ile mikanda ya kupandishia reli, ambayo yeye mwenyewe aliikata meno meno ili ijipinde kama jongoo. Kila mkanda ulikuwa juu kidogo kuliko wa nyuma yake, maana treni si mbuzi, haipandi kwa kuruka. Aliibandika kwa gundi nyeupe, akaichoma pini, akailaza na chupa za maji juu yake hadi ikauke. Kazi yake ilikuwa hapo, imenyooka, nzuri. Lakini mahali ilipoishia sasa palisimama mlima mzima. Umevikwa karatasi, umepigwa plasta, umepakwa rangi ya udongo mbichi. Na kwenye tumbo lake, mdomo mweusi wa handaki.

Ulikuwa umefanana na mlima wa kweli kuliko alivyopenda.

Akaugonga kwa kidole.

Ko. Ko.

Tupu.

"Umeliwa wote ndani, Babu. Limebaki ganda tu. Treni ikipita utabomoka."

"Hautabomoka," mzee akasema. "Huu hautabomoka tena."

Tena. Wembe akalisikia neno lile, akaliacha lipite, kama mtu anayepisha mbwa asiyemjua.

Akainama kukagua jukwaa la stesheni. Hapo palikuwa na watu aliowatengeneza kwa waya na karatasi. Mkuu wa stesheni na bendera yake ya kijani, ambaye ni Babu. Mwanamke mwenye kikapu, ambaye ni Bibi, Mungu amrehemu. Mpiga kengele. Na pembeni, karibu na mkuu wa stesheni, msichana mdogo wa gauni la manjano. Babu alikuwa amemwagiza huyo peke yake, siku ya peke yake. Wembe alipouliza ni nani, mzee alijibu, "Mtengeneze tu. Usiniulize."

Msichana hakuwepo.

Ilibaki miguu yake. Vipande viwili vya waya, vifupi kama njiti za kiberiti, vimesimama wima ndani ya tone la gundi kavu. Vimekatika penye vifundo.

"Babu, umemtoa yule mtoto?"

"Sijamgusa."

"Basi ni panya."

"Panya gani huyo, bibi yangu, anayekata waya?"

Ngurumo ikapita juu ya nyumba, na umeme ukakatika.

Babu akawasha taa ndogo ya betri. Treni nayo ilikuwa inatumia betri, ya gari, iliyokaa chini ya meza. Mzee akajimiminia chai kutoka kwenye chupa, akakaa kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyefika stesheni mapema na anajua treni itakuja. Wembe akakaa pia, mikono mapajani. Mvua inayotanguliwa na ngurumo ile haimtoi mtu nje. Kichwa kilikuwa kimeanza kumzunguka.

Ndipo ilipolia ile sauti.

Kwiii.

Na tena.

Kwiii.

Kama ukucha. Kama ukucha mmoja mdogo, unaokwaruza povu kutoka ndani.

"Umesikia?" Babu akanong'ona.

"Ni povu linajikunja, Babu. Gundi bado inalila."

"Enhe," mzee akasema. "Inalila."

Akanyoosha mkono, akazungusha swichi. Injini ndogo ikaamka. Ikavuta mabehewa yake, ikapita jukwaani, ikapanda ile mikanda ya povu taratibu, tak-tak, tak-tak, ikajipinda na kona, ikaingia handakini. Behewa la kwanza. La pili. La mwisho.

Wembe akageuza macho upande wa pili, inapotokea.

Haikutokea.

Mlima ule ulikuwa na urefu wa mkono mmoja wa mtu mzima, basi. Lakini sauti ya magurudumu haikukoma. Iliendelea. Tak-tak. Tak-tak. Ikawa mbali. Ikawa mbali zaidi, na mwangwi juu yake, kama treni ya kweli inayopotea ndani ya mwamba wa kweli. Tak... tak...

Halafu ikasimama.

Na kutoka kule mbali, ndani ya kilima cha kuweka mezani, mtu akasema:

"Baba."

Wembe akajishika kichwa. Ni hewa hii, akajiambia. Gundi ya viatu imeniingia kichwani. Alisoma chuo, hakusomea ujinga. Injini imekwama, waya umelegea, na mwenye kuichomoa ni yeye. Mtu akiogopa kivuli hawezi kutembea mchana. Akapandisha mkono wa shati, akapenyeza mkono wa kulia handakini.

"Bibi yangu, usi..."

Mkono ulikuwa umeshaingia.

Mpaka kiwiko. Hakugusa treni. Mpaka karibu na bega. Kwa urefu ule, vidole vilipaswa viwe vimetokea upande wa pili, na alikuwa anautazama upande wa pili kwa macho yake. Hapakuwa na vidole. Mkono wake ulikuwa mahali pengine. Mahali penye baridi. Penye maji yanayodondoka. Na harufu iliyotoka mle haikuwa ya gundi tena, ilikuwa ya udongo mbichi na grisi ya treni.

Halafu kiganja kidogo kikamshika.

Wembe alipiga ukelele. Akavuta. Kiganja hakikuachia. Akavuta tena, na sasa ukingo wa handaki, ambao ulikuwa mkavu alipougusa, ukawa mbichi, unata, umemganda kwenye ngozi kuzunguka mkono. Gundi ile haina msamaha. Ikishika, imeshika.

"Babu! Kuna nini humu?"

Mzee alikuwa amesimama. Kikombe kilikuwa kimeanguka, chai inatiririka kati ya reli.

"Kuna shangazi yako," akasema.

"Sina shangazi mimi! Baba ndiye wenu wa kwanza!"

"Baba yako ni wa pili."

Mvua ikamwagika juu ya bati. Babu akasema chini ya mvua ile, haraka haraka, kama mtu anayetapika.

"Alipenda kunifuata kazini. Siku ile tulikuwa handakini, mimi na yeye, nakagua njia. Ikapiga honi treni ambayo haikuwa ya saa ile. Ukutani mle kulikuwa na vipango, vya mtu kujibanza treni ikipita. Nikamweka kwenye kipango. Nikamwambia, kaa hapa, usitoke mpaka nikuite kwa jina lako. Nikakimbia na bendera nyekundu. Treni niliisimamisha, bibi yangu. Kilima kilichoporomoka nyuma yangu sikuweza."

Mkono ukavutwa. Bega la Wembe likagota kwenye plasta. Shavu lake sasa lilikuwa limelala juu ya mlima, na ndani yake alisikia pumzi.

"Mkamfukua?"

"Tulifukua mpaka kwenye kipango. Kilikuwa kitupu. Hakuna mtoto, hakuna hata uzi wa gauni. Tukarudi nyumbani. Usiku nikaenda peke yangu kwenye kifusi, nikamsikia. Baba, niite. Baba, niite. Nikafungua mdomo. Bibi yako alikuwa amenifuata. Akanifumba mdomo kwa kiganja chake. Akasema, mume wangu, kipango kilikuwa kitupu. Ukiita, kitakachotoka si mtoto wetu. Akaniapisha pale pale, kwenye matope. Tukahama. Jina lile halijasemwa tena nyumbani kwetu, hata baba yako hakuambiwa. Bibi yako amekufa nalo chini ya ulimi."

"Na wewe ukajenga kilima kingine!"

"Nilitaka kumsikia tu." Sauti ya mzee ikapasuka. "Kumsikia, si kumwita. Lakini povu zima halina pango. Siku ile paa lilipozama, ukanigombeza... wewe ndiye uliyenifundisha gundi ya viatu inafanya nini."

Kwa mkono wa kushoto Wembe akapapasa, akapata kisu chake. Akakichoma kwenye plasta, ubavuni mwa mlima. Kikaingia mpaka mpini. Akataka kukichomoa ili achome tena.

Kikavutwa kutoka ndani. Kikapotea.

"Shangazi!" akalia. "Shangazi, toka! Njoo, toka!"

Kiganja kikatulia. Kikasikiliza. Halafu ile sauti, sasa chini ya shavu lake kabisa, laini, yenye subira:

"Si wewe. Baba."

Wembe akasikia bawaba zikilia. Akageuza macho, kichwa hakikugeuka. Babu alikuwa ameinua daraja. Alikuwa amefungua mlango. Upepo ukaingia, mbichi, safi, umejaa mvua, ukaifagia harufu yote ya gundi kutoka chumbani. Wembe akavuta hewa ile mpaka mbavu zikauma. Sasa, akajiambia. Sasa kichwa kitaniachia. Sasa nitaona nimeshika injini.

Vidole havikuyeyuka.

Kichwa chake kilikuwa cheupe kama maji ya kisima. Na vidole vilikuwa bado pale.

"Babu, unakwenda wapi?"

Mzee alikuwa amekwishavuka kizingiti. Alisimama kwenye giza la ukumbi, mgongo umekunjika, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Niliapa, bibi yangu."

"Ulimwapia aliyekufa. Mimi bado niko hai!"

Mkono wake ukaachia fremu.

Na hapo Wembe akahisi jambo ambalo hakumwambia, kwa kuwa hakuwa na maneno yake. Kiganja kile kilipomshika kilikuwa cha mtoto, dole gumba dogo kama punje ya haragwe. Sasa halikuwa dogo. Vidole vilikuwa vikirefuka polepole juu ya ngozi yake. Kikawa kiganja cha msichana. Kikawa cha mwanamke, kipana, chenye nguvu. Kikakonda, kikakauka, kikawa cha mwanamke mzee, mifupa na ngozi. Miaka yote iliyopotea gizani ilikuwa ikipita ndani ya mshiko mmoja.

Ingeishia hapo, angelia kwa huruma.

Lakini vidole havikuishia hapo. Vilikuwa bado vinarefuka. Vilimzunguka kifundo mara moja. Vikamzunguka mara ya pili.

"Babu," akasema, na sauti ikamtoka ndogo, sauti ya utotoni. "Babu, usiniache. Sijui jina lake. Ningelijua ningeita mwenyewe."

Mvua. Mvua tu.

Halafu nyayo.

Mzee akarudi ndani. Akafunga mlango. Akalishusha daraja nyuma yake. Kha. Alikuwa amenyoosha mgongo. Wembe hakuwahi kumwona amesimama hivyo, isipokuwa yule wa waya, pale jukwaani, na bendera yake. Akapita. Akapiga magoti mbele ya kilima, mpaka mdomo wake ukawa sawa na mdomo wa handaki. Mkono mmoja akauweka juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Babu... na Bibi alivyosema?"

"Nimesikia alivyosema." Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye ndevu. "Nisipoita usiku huu, nitakupoteza na wewe. Mmoja niko naye. Mmoja namkumbuka. Kinachokuja, kinikute mimi."

Akavuta pumzi.

"Mwanangu," akaita.

Mkono ukavutwa kwa nguvu, na plasta ikapasuka chini ya shavu la Wembe. Halikuwa hilo. Hilo halikutosha.

Mvua ikakatika, ghafla, kama bomba lililofungwa. Taa ikafifia. Ndani kabisa ya kilima, kitu kikaacha kupumua ili kisikie vizuri.

Babu akasema kwa sauti ya mkuu wa stesheni, ile ambayo zamani treni zilikuwa haziondoki bila kuisikia:

"Njia iko wazi. Toka sasa."

Midomo yake ikatetemeka. Ikafunguka.

"Zaituni."